Kupungua kwa Mama Gladness

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Nimekwenda ofisini Mtumba kwa baiskeli na nimerudi nyumbani Nzuguni kwa baiskeli, na sasa nimekaa miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nesi wa kliniki ya presha ndiye aliyeniambia niwe naandika, hata mstari mmoja, kwa sababu anasema sisi watu wa maofisini tunaanza mambo kwa kelele halafu tunayaacha kimyakimya.

Sababu ya yote haya ni marehemu mama, aliyeangushwa na kiharusi jikoni akisonga ugali, hajafika hata sitini. Mimi nina arobaini na nane. Nafanya kazi masjala ya wizara, siku nzima nimekaa, na jioni nakaa tena kwenye basi la watumishi. Daktari aliponipandisha kwenye mzani alisema dawa ataniongezea, ila dawa bila kuutikisa mwili haitanifikisha mbali.

Upepo ulikuwa usoni tangu natoka getini. Mwezi huu unatoka mashariki, wa baridi, umebeba vumbi, na kwenda Mtumba ni kwenda mashariki. Pale Ihumwa nilishuka nikaikokota. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akaniuliza kwa adabu kama nimeharibikiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini si baiskeli.

Thomas, mume wangu, hakusema kitu. Gari letu linakwenda upande wa pili wa mji, Kizota, kwenye ofisi yake, kwa hiyo hakunipita njiani.

Jumanne, 4 Juni

Sikwenda. Mapaja hayakubali hata kukaa chooni.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeelewa kwamba baiskeli ni mwanzo tu. Generosa, mwenzangu wa masjala, alinisindikiza mjini kutafuta vifaa, maana juzi nilirudi na kidonda mahali nisipoweza kumwonyesha mtu. Tumepata kofia ngumu ya mtumba, nzima kabisa, glavu zisizo na vidole, taa nyekundu ya nyuma, pampu ndogo ya kufunga kwenye bomba, viraka na gundi. Koti lile la kung'aa wanalovaa mafundi wa barabara nimepata la kijani. Muuzaji mmoja akatutolea suruali nyeusi ya kubana, fupi, yenye sponji nene kwenye makalio. Generosa akacheka hadi akashika ukuta. Nikainunua. Nitavaa sketi pana juu yake.

Nilipojaribu vyote mbele ya kioo Thomas alisimama mlangoni akaniuliza naenda mgodi gani. Gladness, binti yetu, akacheka naye. Ndoa yake na Lameck ni Oktoba, mahari imeshapokelewa, na nyumba nzima ina furaha ya kucheka ovyo. Na mimi nikacheka.

Alhamisi, 13 Juni

Pancha. Mbigiri. Fundi wa Ihumwa kachomoa miiba kwenye tairi kama anayemtoa mtoto funza.

Ijumaa, 21 Juni

Wiki nzima bila kukosa. Ofisini nina mpango wangu: naingia mapema, naoga kwa ndoo kwenye choo cha mwisho cha korido, navaa gauni, naifungia kofia kabatini, na mkuu wa kitengo anapofika ananikuta mezani kama wenzangu. Kijana wa ulinzi amenitafutia mahali pa kuifunga baiskeli kwa kufuli, nyuma ya jenereta. Siku ya kwanza aliniamkia, shikamoo mama, halafu akauliza kama mzee kauza gari.

Jumatano, 3 Julai

Leo nimepanda kilima cha Ihumwa bila kushuka. Sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika hapa.

Alhamisi, 11 Julai

Leo ilikuwa zamu yangu kuwapokea akina mama wa umoja wetu wa kanisani. Niliomba ruhusa kazini, nikapika tangu asubuhi: wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mlenda kwa wale wasioweza kuukosa, matunda. Wamesali, wameimba, wamenipa pole nyingi kuliko kawaida. Chakula kilipoletwa kila mtu akawa amefunga, au tumbo limevurugika, au ametoka kula. Mmoja alichukua ndizi, akaimenya kwa kitambaa.

Nilidhani labda nimezidisha chumvi hadi inasikika kwa harufu. Wamekunywa soda za chupa, kwa mirija.

Thomas, Gladness na mimi tutakula kuku hadi Jumapili.

Jumatatu, 22 Julai

Kliniki. Nesi alinipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaenda kumwita daktari aje aone. Presha imeshuka. Uzito umeshuka. Daktari amenipunguzia dawa kutoka mbili hadi moja na kusema nikiendelea hivi tutaangalia hata hiyo moja. Akanionya: nikiacha mazoezi nirudi kwake haraka, kwa sababu hii dozi ndogo ni ya mtu anayeendesha baiskeli, si ya yule mama wa Mei.

Nimerudi upepo ukinisukuma mgongoni. Sketi zangu zote zinazunguka kiunoni. Nimezikaza kwa pini, na nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 29 Julai

Generosa alinisubiri hadi masjala ikabaki tupu. Akafunga mlango. Aliniuliza habari za nyumbani, akauliza za Gladness, akauliza za nyumbani tena. Nikamwambia aseme.

Akasema, "Dada Debora, mimi sikuamini, ila bora ulisikie kwangu. Wanasema umeungua."

Nilimwelewa. Kila mtu wa umri wangu anaelewa. Tumewazika wengi miaka ile ya Ukimwi ambapo kupungua kulikuwa na maana moja tu. Nikamuuliza wanaona nini. Akasema mwili, kwanza. Mashavu. Halafu kuoga chooni kila asubuhi, wanasema natokwa jasho la homa. Halafu akaitazama sakafu. Kumbe kuna mama wa kanisani alipita nyumbani akaona kwenye kamba ya nguo suruali yenye sponji. Ameeneza kwamba sasa navaa pampasi.

Nilicheka. Generosa hakucheka, na ndipo nikakumbuka mirija na ndizi iliyomenywa kwa kitambaa.

Nimeendesha kurudi nikiwa na hasira, nikafika mapema kuliko siku zote.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwanasha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuazima ungo. Yeye ni mtu wa Kondoa, mjane, ana genge la mboga hapo njia panda, mnene na mwenye sauti. Hatujawahi kuwa marafiki hasa. Tunaazimana vitu tu. Nikamuuliza moja kwa moja kama naye amesikia. Akasema amesikia tangu Juni.

"Mama Gladness," akasema, "mimi ninao mwaka wa kumi na mbili sasa. Nameza dawa zangu, nakula, mwili huu unauona. Hakuna hata mmoja anayenidhania. Wewe huna, na wamekuzika tayari."

Nilimpa ungo, halafu nikamwomba akae nikamchemshia chai. Alikunywa kikombe kizima, akaongeza. Muda wote nilikuwa nawaza: kama ningekuwa nao kweli, ningeishije humu, na kina nani wangekunywa kwangu? Ameniomba nisimwambie mtu. Hapa naandika kwa sababu hakuna asomaye.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeanguka. Kazini hatukwenda, ni sikukuu ya wakulima, nikatoka kwa mazoezi tu. Nanenane imekwisha leo na barabara yote kuanzia viwanja vya maonyesho ilijaa mabasi ya shule, malori ya ng'ombe na watu waliobeba miche. Lori likanibana, likanitoa kwenye lami, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga na mimi nikaruka. Kichwa kimegonga jiwe la ukingo. Kofia imepasuka upande mzima na mimi sina hata uvimbe. Kiwiko kimechubuka, goti pia. Akina mama waliokuwa wanauza karanga wakaninyanyua, wakanifuta, wakanipa maji.

Nilimwonyesha Thomas kofia. Nilidhani akiuona ule ufa ataelewa kichwa changu kingekuwaje. Aliigeuza mikononi, akaniuliza ni nani waliokuwepo. Nikasema wauza karanga. Akauliza kama kulikuwa na mtu wa kanisani.

Kiwiko hakukiulizia.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kupima. Sina. Nilijua sina, hata hivyo nilihesabu vigae vya sakafu nikisubiri. Mshauri, binti wa rika la Gladness, akanipa karatasi na kuniambia hongera, kisha akaonekana kujutia neno lile kwa ajili ya wengine waliokaa kwenye benchi. Nilimpenda kwa hilo.

Nilimpa Generosa karatasi awaonyeshe wa ofisini. Amenirudishia jioni, ameikunja vizuri. Wamesema vyeti siku hizi vinanunuliwa.

Jumapili, 18 Agosti

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Baada ya ibada walikuja Mama Lameck na mshenga, kutoka Kibaigwa. Nilimwamkia mshenga, nikawakaribisha, nikataka kuingia jikoni. Mama Lameck akasema nisijisumbue, wamekula njiani. Thomas alikaa kwenye kiti chake, Gladness akaambiwa atoke.

Mshenga ni mzee mpole, alizunguka sana. Alizungumzia zabibu zao, ukame, bei ya alizeti. Mwishowe akasema familia yao inampenda binti, ila wazee wameona ndoa isogezwe mbele kidogo, hadi hali ya mama wa binti ieleweke. Kwa maana mtu hawezi kuoa katika nyumba ambayo kesho itakuwa na matanga.

Nikatoa karatasi yangu. Nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia tangu Jumatano. Mama Lameck hakuipokea. Alisema kwa upole, "Mama mwenzangu, sisi hatukusikia haya barabarani. Tumeyapata kutoka ndani ya nyumba hii."

Nilitazama mlango aliotokea Gladness. Mama Lameck alikuwa anamtazama Thomas.

Walipoondoka, Thomas naye alitaka kutoka na gari. Nikasimama mbele ya mlango. Nilimuuliza alisema nini na kwa nani. Alikataa, akakasirika, akakaa, akaanza kusema polepole. Ilikuwa Juni, siku za mwanzo. Baada ya kikao cha wazee wa kanisa, mmoja alimtania kwamba gari analo yeye, mke anapiga pedali na kofia kama mchimbaji, wengine wakacheka. Wakauliza kama ana mwanamke mwingine anayempakia. Akaona aibu. Akawaambia waniache, mimi ni mgonjwa, baiskeli ni amri ya daktari, na ugonjwa wenyewe si wa kuzungumzia hadharani.

Nikasema nina presha. Presha inazungumziwa hadharani. Nusu ya hao wazee wanayo. Kwa nini hakusema presha?

Akasema, "Wangesema mbona na wao wana presha na wake zao hawaendeshi baiskeli. Ulitaka niseme nini, Debora? Kwamba nina gari na mke wangu anapanda baiskeli kwa kupenda?"

Kwa hiyo aliacha neno likae bila kichwa, kila mtu akaliwekea kichwa alichotaka. Alipoona lilikofika, alinyamaza. Alikaa hapa siku ile nilipopika. Aliona sahani zikirudi jikoni zimejaa.

Nimemuuliza kama atakwenda Kibaigwa kusema ukweli. Akasema atakwenda. Halafu akasema, lakini wakijua baba wa binti ni mwongo, ndoa nayo itavunjika.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimeendesha. Sikumbuki njia.

Jumanne, 20 Agosti

Gladness alinifuata chumbani. Macho yamevimba. Lameck kasema yeye hajali, lakini hawezi kuwavunjia wazazi wake heshima. Wakaongea kwa simu muda mrefu wakapata wazo, na yeye ndiye aliyetumwa kulileta.

Alikaa kitandani akanishika mkono. "Mama, acha kwa sasa. Ule, urudi kama ulivyokuwa. Wakikuona umenenepa hawatakuwa na la kusema. Ndoa ikipita uendelee, hakuna atakayekuzuia."

Nilimweleza maneno ya daktari. Akasema ni wiki chache tu. Nikamwambia baba yake anaweza kuyamaliza yote kwa kufungua mdomo. Akasema, "Baba hatafungua. Wewe unamjua."

Nilitaka alikatae hilo hapo hapo. Nilitaka akasirike kwa niaba yangu, hata dakika moja. Lakini ana miaka ishirini na tano na anataka kuolewa na mtu anayempenda, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mama hukubali.

Nimekubali.

Jumatano, 21 Agosti

Nimepanda basi.

Alhamisi, 29 Agosti

Thomas kaleta paja zima la mbuzi. Kaleta na samli ya Wamaasai wa soko la Ihumwa. Hajawahi kuninunulia samli tangu nilipomzaa Gladness.

Ijumaa, 6 Septemba

Uji wa karanga asubuhi, chapati saa nne, wali mchana. Generosa ananitazama nikila, hasemi. Vifaa vyote nimeviweka kwenye gunia nyuma ya mlango wa stoo. Baiskeli Thomas kaifunika turubai, kwa uangalifu kama maiti.

Jumatatu, 16 Septemba

Ilikuwa siku ya kliniki. Sikwenda. Thomas alisema benchi la presha linatazamana na dirisha la wanaochukua zile dawa nyingine, na mtu akinipiga picha pale sasa hivi itakuwa tumefanya kazi bure. Nikamwambia nahitaji kuongezewa dozi, mwili umebadilika. Akasema baada ya harusi tutakwenda wote, hospitali kubwa, kwa gari.

Ni mara ya kwanza kuniahidi gari kwenda upande wangu.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani mama yule wa ndizi alinishika shavu. Kasema Mungu ni mwema. Kichwa kinauma upande wa nyuma.

Jumanne, 1 Oktoba

Joto limeanza. Miguu imevimba. Viatu vya sendofu, sherehe ya kumuaga Gladness, havinitoshi, nimenunua vingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Binti yangu ameolewa jana. Alipendeza. Sitaki uchungu wangu uufute ukweli huo: alipendeza, Lameck alilia madhabahuni, na mawingu yalitishia mvua tu, haikunyesha.

Ukumbini mshereheshaji aliniita nicheze na mama wa bwana harusi. Mama Lameck alinikumbatia mbele ya watu wote, na alipokuwa amenikumbatia nilihisi kiganja chake kikiminya mkono wangu wa juu, kikaminya na ubavu, kama anayechagua mbuzi mnadani. Akaridhika. Akaniambia sikioni, "Umenawiri, mwenzangu. Tulikusingizia."

Vigelegele vikapigwa. Wazee wa kanisa walikaa na Thomas meza moja na wote walipeana mikono. Taa za ukumbi zilikuwa na duara za rangi zikizizunguka. Nilidhani ni mapambo, hadi nilipofumba jicho moja zikatoweka.

Watu zaidi ya nilioweza kuwahesabu wamenisifia jana. Hakuna sifa niliyopewa Julai.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekaa wiki mbili wodini. Naandika kwa mkono wa kulia, namshukuru Mungu kwamba ni wa kulia.

Ilikuwa Jumatatu, nikijiandaa kupanda basi. Nilinyanyua kikombe cha chai kikaanguka. Nikakiinamia, na sakafu ikanijia. Thomas alikuwa anaoga. Mwanasha ndiye aliyesikia kishindo, akapanda ukuta na unene wake wote, akaingia kwa mlango wa jikoni, akapiga kelele hadi Thomas akatoka na taulo. Gari likaja upande wangu siku hiyo.

Kiharusi, kama cha mama. Daktari yule yule alisimama mguuni pa kitanda na faili langu akauliza kwa nini sikurudi alivyonielekeza. Thomas alijibu kabla yangu. Alisema tulikuwa na shughuli za familia.

Mguu wa kushoto naburuta. Mkono wa kushoto unafunga kidogo, haufungi ngumi. Nimeujaribu kwenye ukingo wa kitanda nikifikiria breki. Haushiki.

Jumamosi, 9 Novemba

Generosa kaja na machungwa. Kanimenyea, tumekula wote. Hakusema alinionya, na kweli hakuwahi kunionya.

Jumapili, 10 Novemba

Leo baada ya ibada wazee wa kanisa walikuja kunisalimia pamoja na akina mama wa umoja, sebule ikajaa. Walileta sukari, sabuni, mchele. Wakakaa. Mwanasha alikuwa jikoni akiwachemshia chai; siku hizi anakuja kila asubuhi kunishika mkono nitembee uani.

Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye kochi, na kwa sababu mdomo wangu bado unavuta upande, walizungumza juu yangu kana kwamba sisikii. Mzee mmoja akauliza ilikuwaje, mbona kwenye harusi mama alikuwa amenawiri vile. Thomas akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema, ni ile baiskeli. Mwili wa mwanamke wa umri ule haukuumbwa kwa shughuli ile. Uliharibika ndani kwa ndani, madhara yakaja kutokea baadaye. Akina mama wakaguna. Mmoja akasema na yeye alijua tu.

Nilimwita Mwanasha aniketishe. Kila mtu akanyamaza kwa heshima, wakidhani nataka maji au naomba sala.

Maneno yangu yanatoka polepole sasa, kwa hiyo nilichagua machache. Nikasema:

"Nilipokuwa naendesha nilikuwa mzima. Daktari alinipunguzia dawa. Huyu aliwaambia ninyi nina ugonjwa wa siri, kwa sababu aliionea aibu baiskeli. Mkakataa chakula changu. Nikaacha, nikala, ili mniamini, na mkaniamini. Mlichokisifia harusini ndicho hiki mnachokiona."

Thomas alitazama mikono yake. Mama yule wa ndizi akaanza kulia, nami sikumwonea huruma. Mzee aliyeuliza akakohoa, akasema labda tuinue mioyo yetu kwa sala, na wote wakasimama haraka, kwa sababu ukisali unaruhusiwa kufumba macho.

Chai Mwanasha aliileta hata hivyo. Wamekunywa wote, kutoka mikononi mwake, katika vikombe vyangu. Tulitazamana, yeye na mimi, tukayanyamazia.

Walipoondoka Thomas alikusanya vikombe, akaviosha mwenyewe. Kisha akaja akasimama mlangoni akasema sikupaswa kumwaibisha mbele ya watu. Nikamwambia nimechelewa tu. Nilipaswa kufanya hivyo Agosti. Amelala chumba cha Gladness.

Jumatano, 13 Novemba

Nimetembea hadi gengeni kwa Mwanasha na kurudi, nikiwa na fimbo. Vumbi, jua, hakuna wingu. Kijana wa bodaboda kaniamkia kwa jina.

Ijumaa, 15 Novemba

Gladness kapiga simu kutoka Kibaigwa. Habari za Jumapili zimeshafika huko. Alikuwa anaongea chini chini. Nadhani alikuwa uani, mama mkwe ndani. Kasema Mama Lameck hajala tangu jana, anasema amesingizia mtu hadi akamlemaza. Kasema baba yake amempigia akimwomba anisihi niyaache. Nikasikia akivuta kamasi.

Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuambia uache."

Nilimwambia mtu huambiwa, halafu huamua. Nikamwambia ale vizuri, amheshimu mumewe, asikubali kila anachoambiwa. Nikamwambia nimemwelewa.

Alisubiri. Nilijua anasubiri neno gani, na nililitafuta kwa uaminifu, maana nampenda. Mwishowe akasema vocha inaisha, nikasema haya mwanangu, na simu ikakatika.